Mashine ya kukodi na mpira wa mlango

Tangu Seneti ya Kenya itoe ripoti yake mwaka 2020 kuhusu mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, neno "kukodi" limegeuka tusi. Sababu zipo. Mpango huo ulioanza 2015 ulilenga hospitali 98. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na kufikia 2018 makato yakapanda hadi milioni 200. Furushi lilikuwa moja kwa wote, na kuna hospitali zilizoletewa mitambo kabla ya kuwa na maji ya uhakika, umeme wa fezi tatu au mtaalamu wa kuiendesha. Ikakaa masandukuni huku makato yakiendelea.

Hayo ni makosa ya bei, ya usiri na ya upangaji. Wanaotaka turudi kununua moja kwa moja huyabebesha ukodishaji wenyewe, kana kwamba mashine iliyonunuliwa haiharibiki.

Chukua otoklevu, mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke, ambao thieta haifanyi kazi bila yake. Kwa seti za vifaa zilizofungwa furushi kwa kitambaa, mvuke hushikiliwa kwenye nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi, baada ya pampu kunyonya hewa yote. Mlangoni kuna mpira. Ukichakaa, hewa hupenya na kubaki katikati ya furushi, na mvuke haufiki kwenye mikasi iliyo ndani. Kipimo cha mlangoni kitasoma 134 vilevile. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, huwekwa karatasi ya kupima: ikibadilika rangi pande zote, sawa; ikipauka katikati, mtambo usitumike siku hiyo. Furushi likitoka limelowa nalo huhesabiwa si safi, kwa sababu vijidudu hupita kwenye kitambaa kilicholowa. Maji ya chumvi yakiingia bila kuchujwa, chokaa huganda kwenye koili za kuchemshia mpaka zinaungua.

Mpira huo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mtambo wenyewe. Lakini hospitali inayomiliki otoklevu lazima iandike ombi, isubiri zabuni, na kama bajeti ya vipuri imeisha, isubiri mwaka mpya wa fedha. Wajawazito wanaohitaji upasuaji hawasubiri. Kwenye mkataba wa kukodi ulioandikwa vizuri, mpira ni shida ya mwenye mtambo.

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa 112,040 kutoka hospitali za nchi zenye uwezo mdogo: asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu kuu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Tunagombana kuhusu bei ya ununuzi, jambo ambalo halimo kabisa katika orodha hiyo!

Upande wa pili una hoja ambazo hazipuuziki. Mali ikilipiwa ni yako, na mafundi wa hospitali hujifunza kwa kuifungua. Ukikodi, fundi wako anaweza kugeuka mtu wa kupiga simu, na mwenye mashine anaweza kukufunga kwenye vifaa vyake vya kutumia na kutupa. Tena si kila kitu cha kukodiwa. Mikasi, koleo na vishikio vya sindano vinunuliwe, vya chuma kizuri, vinolewe hapahapa.

Kwa otoklevu, mashine za nusukaputi na taa za thieta, lakini, swali ni nani anaumia zikisimama. Mkataba wa 2015 ulikata fedha mashine ikizunguka au isizunguke. Mkataba unaofaa ungesema kabla ya kufunga mtambo maji yapimwe na kichujio kiwekwe, mpira wa akiba ukae kabatini hospitalini, fundi wa hospitali awepo kila matengenezo, na karatasi ya asubuhi ikipauka, malipo ya siku hiyo yasitoke.