Nyota ya Asubuhi si Mali ya Shetani

Kwaya moja ya mtaani kwetu hapa Dodoma inataka kubadili jina. Jina lao lina maneno "Nyota ya Asubuhi", na mhubiri aliyekuja na mkutano wake wa injili amewaambia hiyo ni nyota ya Lusifa, yaani Shetani, kwamba kila wakiimba wanamkaribisha. Kina mama walioimba pale tangu usichana wao wanaulizana kama wamemkosea Mungu miaka yote hiyo. Nimekasirika sana.

Andiko wanaloliegemea wanaosema hivyo ni Isaya 14:12: "Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!" Haya, turudi nyuma hadi mstari wa 4. Nabii anamsuta mfalme wa Babeli. Mstari wa 11 unamlaza juu ya funza, wa 16 unamwita mtu, wa 19 unasema ametupwa mbali na kaburi lake. Shetani ana kaburi wapi? Huyu ni mtawala aliyetaka kiti chake kipite nyota za Mungu, na Isaya akamchagulia mfano ambao kila aliyezoea kudamka anauelewa. Zuhura, ndiyo hiyo nyota ya asubuhi, hutangulia jua, huzipita nyota zote kwa mwanga, na jua likishachomoza huioni tena. Kiangazi hapa kwetu, anga likiwa halina wingu, ukitoka nje alfajiri katika miezi yake utaiona upande wa mashariki, inang'aa mpaka mtu anaweza kudhani ni taa ya mlimani. (Miezi mingine huhamia jioni, magharibi, mzunguko wake wote huchukua siku kama 584.) Aibu iliyomo katika sura ile ni ya mfalme. Nyota haijatenda kosa lolote.

Kumwona Shetani humo ni mafundisho ya zamani, sikatai. Origen, mwalimu wa Kanisa la kale, alisoma hivyo katika karne ya 3, na wengi huunganisha na Luka 10:18, ambako Yesu anasema alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni. Mwenye kutaka kusoma hivyo asome. Lakini asiishie hapo akawaficha watu Ufunuo 22:16, ambako Yesu kwa kinywa chake anajiita "ile nyota yenye kung'aa ya asubuhi". Wakatoliki wanamwita hivyo Bikira Maria katika litania, ile sala ya kumwita kwa majina yake mengi, kwa kuwa alitangulia Jua lenyewe, Mwanawe. Na usiku wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka, wimbo unaoimbwa mbele ya mshumaa wa Pasaka, huomba mshumaa huo ukutwe ungali unawaka na nyota ya asubuhi isiyotua kamwe, yaani Kristo. Hao wote walikuwa wanamsifu nani?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Watu wetu tayari wanaishi na hofu ya nyota. Biashara ikidorora, nyota imefifia. Binti akichelewa kuolewa, nyota imeibiwa. Zamani hofu hiyo ilikuwa ya kwa mganga. Siku hizi madhabahuni kuna watu wanaosafisha nyota kwa sadaka maalumu, na nimemwona mama mjane akiuza mbuzi wake kwa ajili hiyo. Mbuzi wa ada ya shule ya mtoto! Kwa watu kama huyo, kuambiwa kwamba hata nyota ya alfajiri ni ya adui ni kuwaongezea mzigo.

Kanisa la Thiatira liliahidiwa nini? Ufunuo 2:28: "Nami nitampa ile nyota ya asubuhi." Anatoa Kristo, anapokea aliyeshinda na kushika kazi zake hadi mwisho. Hakuna bei pale, wala mtu wa katikati. Atakayekuja kukudai pesa ya nyota, mfungulie mstari huo, akuonyeshe yeye ametajwa wapi.