Aikoni tupu au aikoni yenye neno?

Wabunifu wa programu hawakubaliani kuhusu upau wa zana, ule mstari wa vitufe vya amri kwenye dirisha la programu. Wapo wanaotaka aikoni tupu, yaani picha ndogo zisizo na neno, na wapo wanaoshikilia kila kitufe kiandikwe jina. Pande zote mbili zina haki, ila kila mmoja anamtetea mtumiaji wake: huyu aliyekwisha kuizoea programu, yule aliyeifungua leo.

Hoja ya kwanza ya aikoni tupu ni nafasi. Vitufe 12 vya upana wa pikseli 32 (pikseli ni kidoti cha skrini) hujaza pikseli 384 tu. Vikiandikwa maneno vitahitaji mara mbili au tatu ya hapo, na tafsiri huzidisha tatizo, kwani neno moja fupi laweza kugeuka matatu katika lugha nyingine. Zaidi ya hayo, aliyezoea hasomi. Mkono wake hukumbuka mahali. Ndiyo maana menyu za Office 2000, programu za ofisi za Microsoft, zilizoficha amri zisizotumika sana, ziliwasumbua watu: amri zilizofichwa zikijitokeza, zilizo jirani husogea. Mwaka 2007 Word, Excel na PowerPoint ziliachana na mfumo huo zikapewa utepe wenye vichupo, na vitufe vyake vingi vina picha na neno pamoja.

Aikoni tupu hukwama kwenye maana. Mkasi na printa havina utata. Diski ya flopi nayo inaeleweka kuwa ni kuhifadhi, hata kwa vijana wasiowahi kuishika, kwa sababu ya mazoea tu. Lakini “idhinisha” au “linganisha matoleo” utaichoraje? Mishale miwili inayozunguka hudaiwa kumaanisha kuonyesha upya, kusawazisha na hata kurudia. Watetezi hujibu kwamba kidokezo hutokea kipanya kikitua juu ya kitufe. Jibu hilo ni dhaifu: kwenye skrini ya kugusa hakuna kipanya cha kutua.

Uchoraji nao una mitego yake. Aikoni iliyochorwa kwenye gridi, yaani miraba, ya pikseli 24 kwa 24 yenye mistari ya pikseli 2, ikipunguzwa hadi 16, mistari hubaki na unene wa pikseli 1.33, kingo haziangukii kwenye gridi na picha inapata ukungu. Dawa ni kuchora toleo la 16 upya, ukipunguza vipengele. WCAG 2.1, mwongozo wa kufanya wavuti utumike na watu wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza wa angalau 3:1 kati ya aikoni na mandharinyuma, na toleo la 2.2 linataka eneo la kubofya lisipungue pikseli 24 kwa 24, pamoja na misamaha michache. Kwa kidole hiyo ni ndogo mno. Apple hupendekeza pointi 44 kwa 44, pointi ikiwa kipimo chake cha skrini. Rangi isiachiwe kubeba maana peke yake, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Na jina linalosomwa na programu za kusoma skrini litaje kazi, “Futa safu”, lisiitaje picha, “pipa la taka”.

Menyu ni rahisi zaidi kuitengeneza vizuri. Amri ianze na kitenzi. Nukta tatu ziwekwe pale tu ambapo programu itauliza jambo kabla ya kutenda. Amri isiyopatikana kwa sasa ipauke badala ya kutoweka. “Futa” isikae jirani na “Hifadhi”. Kuweka aikoni mbele ya kila amri ni pambo. Ziwekwe kwa zile zilizo pia kwenye upau, ili menyu ifundishe upau.

Kwa maoni yangu, aikoni tupu zistahili amri chache tu zinazotumika kila mara. Nyingine zijaribiwe: mwonyeshe picha mtu asiyeijua programu, umuulize anatarajia nini akibofya. Watu watano wakitoa majibu matatu, andika neno. Anayechoshwa na maneno apewe nafasi ya kuyazima kwenye mipangilio. Mgeni asitumwe huko kuyawasha, maana kwake hata mipangilio yenyewe bado ni picha ya gia.