Dalali wa punda Lamu anabebeshwa mzigo usio wake

Kila likizuka suala la kuuza punda huku Lamu wa kwanza kutukanwa ni dalali. Akionekana anavusha punda wawili kwa boti kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, mtaa mzima ushaamua, hao wanaenda kuchunwa ngozi. Ndo maana kuna wanaotaka punda asiuzwe kabisa nje ya kisiwa.

Hofu yao ina msingi, hilo silikatai. KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, walitoa ripoti 2019 kwamba kati ya 2016 na 2018 Kenya ilichinja punda 301,977, yaani kama asilimia 5.1 ya punda wote kila mwaka, na kuongezeka kwao ni asilimia 1.04 tu. Zitazame vizuri hizo namba mbili: wanachinjwa watano, anarudi mmoja. Na huwezi kuharakisha, punda jike anabeba mimba mwaka mzima na wengine wanapitiliza, anazaa mtoto mmoja, halafu huyo mtoto umlishe miaka ndo aje kubeba mzigo wa maana. Ufugaji haukuweza kulisha soko la ngozi hata kidogo, ndo wizi ukaingia, usiku mtu anamwacha punda wake mzima asubuhi anaokota mzoga. Mwaka 2020 waziri wa kilimo Munya akafunga machinjio ya punda, 2021 Mahakama Kuu ikaitengua ile amri, 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana biashara ya ngozi isitishwe bara zima. Sawa kabisa, hata mimi naunga mkono.

Lakini dalali wetu anaingia wapi hapo jamani? Kazi yake kubwa ni ya humu humu, mtu wa Shela ana punda wa ziada, mtu wa Matondoni anajenga anataka wa kusomba mchanga na mawe, nyumba ikiisha anataka kuwatoa. Nani amwambie mnunuzi huyu mtiifu huyu anapiga mateke? Dalali anamfunua mdomo aone meno ajue umri, anamvua shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, atazame kama kuna kidonda mgongoni, anampitisha vichochoroni kwenye ngazi maana punda aliyezoea uwanda wa bara anagoma hapo. Anajua wa Kisomali ni mkubwa kuliko wa Kimaasai na bei zao hazilingani. Huo ni ujuzi, na ada yake anaitolea jasho.

Halafu ukifunga soko anayeumia si tajiri, ni yule mama mwenye punda mmoja ambaye karo imemfika shingoni, au mzee ambaye pikipiki zishamla kazi. Wanunuzi wakibaki wa kisiwani tu bei inaanguka, na punda asiye na bei hakuna anayemwitia daktari, anaachiwa azurure huko forodhani ale mifuko ya plastiki mpaka tumbo limfunge. Hili watetezi wa marufuku hawalisemi. Watasema bei ikipanda pia anateswa kwa kazi, na kweli wapo wanaomzidishia simiti mpaka magoti yanatetemeka, ila huyo mwenye kazi naye angalau anataka punda wake aamke kesho.

Madalali wasiouliza mnyama anapelekwa wapi wapo, hao siwatetei na wengine pengine wanajua vizuri sana ila wananyamaza. Dawa yao ni karatasi. Ng'ombe anayetoka kaunti moja kwenda nyingine anatakiwa kibali cha mifugo, basi na punda asimamishwe pale Mokowe, liandikwe jina la muuzaji na la mnunuzi, anakokwenda, rangi yake na alama zake, akipotea tujue wa kumuuliza ni nani. Na gharama ya hiyo karatasi asitwishwe yule mama, alipe mnunuzi, si ndo anayemtoa kisiwani.