Saa 24 za Daytona: je, pointi 350 zinatosha?

Kila mwishoni mwa Januari, msimu wa mbio za magari za IMSA, shirika linaloandaa mashindano hayo huko Marekani, hufunguliwa kwa mbio ndefu kuliko zote za mwaka: Saa 24 za Daytona, Florida, kwenye uwanja wa kilomita 5.73 ambao kona zake kubwa zimeinama kwa nyuzi 31. Miezi michache baadaye madereva wa GTD, moja ya madaraja ya magari yanayokimbia humo, hukutana tena katika mitaa ya Long Beach, California, na kushindana kwa dakika 100. Mshindi wa Daytona hupata pointi 350. Mshindi wa Long Beach naye hupata 350 zile zile.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaotaka mbio za ufunguzi zihesabiwe mara mbili, kama WEC, ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, unavyofanya kwa Saa 24 za Le Mans, ambako mshindi huondoka na pointi 50 badala ya 25. Wengine wanasema ziachwe zilivyo.

Hoja ya wanaotaka nyongeza si ya kupuuzwa. Gari la GT3, aina inayokimbia katika GTD, liwe Porsche 911, Corvette au Mustang, limezaliwa kutokana na gari linalouzwa kwa mteja wa kawaida mwenye pesa zake. Kulikimbiza mchana na usiku bila kulionea huruma ni kazi nyingine kabisa. Januari usiku wa Florida ni mrefu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mbio hukimbiwa gizani. Magari ya GTP, yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano peke yake, huwapita wa GT usiku kucha, na dereva wa GT hutazama kioo cha nyuma karibu sawa na anavyotazama mbele. Mafundi hubadilisha breki katikati ya mbio huku dakika zinakwenda. Madereva ni watatu au wanne badala ya wawili, na katika GTD mmoja wao mara nyingi ni mfanyabiashara anayegharimia timu na ambaye naye lazima aendeshe muda wake. Huko Long Beach, ukichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana umekuta watu wanamwagiana shampeni. Zawadi iwe moja?

Tena hawakosi mfano wa ufunguzi uliopewa uzito. WEC ilipoanza msimu wa 2024 huko Lusail kwa kilomita 1812 za Qatar (namba inayotokana na tarehe 18 Desemba, sikukuu ya taifa la nchi hiyo), mshindi alipewa pointi 38. Timu ya Manthey iliyoshinda LMGT3, daraja la GT3 la WEC, siku hiyo kwa Porsche ndiyo iliyomaliza mwaka na ubingwa. Mwaka 2025 TF Sport walishinda Qatar kwa Corvette, lakini taji likarudi tena kwa Manthey. Kwa hiyo nyongeza haikuua msimu, na huo ni ushahidi wa kuheshimiwa.

Mimi hata hivyo naegemea upande wa pili, na sababu ya kwanza ni rekodi ya Daytona yenyewe. Tazama GTD Pro, daraja la magari yale yale ya GT3 lakini la madereva wa kulipwa, tangu lianzishwe. Mwaka 2022 timu ya Pfaff walishinda kwa Porsche baada ya dereva wao Mathieu Jaminet na mpinzani wake Laurens Vanthoor kugusana mzunguko wa mwisho, kisha wakatwaa ubingwa. Mwaka 2023 ilishinda Mercedes ya WeatherTech. Ubingwa ukaenda kwa Lexus ya Vasser Sullivan. Mwaka 2024 ilishinda Ferrari ya Risi, timu ambayo hata haikukimbia msimu mzima. Bingwa akawa Laurin Heinrich wa Porsche. Mwaka 2025 ilishinda Mustang, bingwa akatoka Corvette. Mara moja kati ya nne. Mbio hizi zina ubora wake, ila hazitabiri nani ana timu bora ya mwaka.

Sababu ya pili ni kwamba Januari hakuna anayemjua mwenzake. Magari ya GT husawazishwa na waandaaji: hili linaongezewa uzito, lile linapunguziwa nguvu ya injini, ili yote yakaribiane. Usawazishaji huo unategemea takwimu za majaribio, na katika majaribio watu huficha makucha. Baada ya Daytona ya 2016, IMSA iliiadhibu Lamborghini na timu zake za GTD kwa sababu magari yalionyesha kwenye mbio kasi ambayo hayakuwa yameionyesha kabla. Kuzidisha pointi mara mbili wakati mizani yenyewe bado inajaribiwa ni kama kuweka taji la Ligi Kuu kwenye dabi ya Kariakoo ya Agosti, kocha hajajua hata kikosi chake.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili huliruka. Pointi za Daytona tayari si sawa na za kwingine, ingawa jedwali ni lile lile. Chukua penseli. IMSA hutoa 350 kwa wa kwanza, 320 kwa wa pili, kisha 300, 280, 260, na 250 kwa wa sita. Kuanzia hapo kila nafasi inashuka kwa 10. Daytona ya 2025 ilikuwa na magari 61, na 22 kati yake yalikuwa ya GTD. Aliyeshika mkia anahesabiwa pointi 90, yaani yuko nyuma ya mshindi kwa 260. Sasa weka gari hilo hilo kwenye mbio zenye magari 12 ya GTD: wa mwisho anapata 190, pengo ni 160. Ajali ni ile ile, lakini ya Januari imekula pointi 100 zaidi, sawasawa na tofauti kati ya kushinda mbio na kumaliza wa sita. Zidisha mara mbili na pengo la Daytona linafika 520. Timu ndogo iliyogongwa usiku na gari la daraja jingine itakuwa imemaliza msimu kabla ya Februari.

Wengi kati ya hao 22 ni wageni wanaokuja Daytona tu, na wakikutangulia wanakula pointi zako.

Kuna pia suala la bendera za njano. Gari la usalama likitoka, magari hukusanywa nyuma yake na pengo lililojengwa kwa saa nzima hufutika. Mwaka 2016 Corvette mbili zilimaliza za kwanza katika GTLM, daraja la GT la wakati huo, zikipishana kwa sekunde 0.034 baada ya saa 24. Ulikuwa utamu wa kutazama, nakiri, ila anayedai kwamba pointi maradufu zitalipa uvumilivu wa usiku mzima ajiulize ni dakika zipi hasa zitakuwa zimelipwa. Kombe la Ustahimilivu la Michelin, linalohesabiwa pembeni kwa mbio ndefu za IMSA tu, linajibu hilo vizuri zaidi: Daytona hutoa pointi zake saa ya 6, ya 12, ya 18 na ya 24, tano kwa anayeongoza, nne kwa wa pili, tatu kwa wa tatu na mbili kwa waliobaki. Anayeongoza alfajiri analipwa alfajiri.

Ningekuwa na kura, ningeacha 350 zilivyo na kuhesabu nafasi za ubingwa kati ya timu za msimu mzima peke yake. Zinazokimbia mbio ndefu tu zibaki na Kombe lao. Wapinzani wa wazo hili watasema wageni hawatakuja tena. Watakuja. Mshindi wa Daytona huvishwa saa ya Rolex, na Risi waliichukua mwaka 2024 bila ubingwa wa msimu kuwa hata kwenye mipango yao.