Historia ya Chake Chake na yale yasiyofika kwenye kipaza sauti

Wazo la kuwakusanya watu wa Chake Chake, mji wa kisiwani Pemba, wazee kwa vijana, wakae jioni moja wausherehekee mji wao kwa kuhadithiana historia yake, halina mpinzani. Ubishi huanza pale panapoulizwa kisemwe nini. Wapo wanaoitaka siku hiyo iwe ya furaha tupu: ngome, magofu, karafuu, mchezo wa ng'ombe, dua, chakula, watu watawanyike. Wapo wanaoona kuwa historia iliyochujwa namna hiyo haina tofauti na kipeperushi cha watalii.

Wa mwanzo nawaelewa. Mwanafunzi wa Chake anaweza kumaliza skuli akizijua tarehe za Vita vya Maji Maji, asiwe na la kusema juu ya ile ngome anayoipita kila siku, ambayo sasa ni makumbusho. Ras Mkumbuu, magharibi ya mji, kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, na baadhi ya wanahistoria wanaamini hapo ndipo palipokuwa Qanbalu, makazi ya kale aliyoyataja msafiri Mwarabu al-Masudi katika karne ya 10. Mtoto asiyejua hata haya, ukimwanzia na machungu atakimbia.

Kisha kuna sitara. Mji mdogo: mliokaa mkeka mmoja leo, kesho mtakutana mazikoni. Mzungumzaji akisema babu wa fulani alikuwa mtumwa wa babu wa fulani, na wote wamo ukumbini, na watoto wao wameposana, amefundisha historia au amevunja harusi? Wanaouita huu woga hawajaishi mahali ambapo kila mtu anamjua bibi yako.

Lakini hoja ya baadhi yao kwamba wazee wetu hawakuwa wakisimulia aibu haisimami, na ushahidi uko Pujini, kusini-mashariki ya Chake. Ngome ile, ambayo wanaakiolojia wanaiweka karne ya 15, inajulikana zaidi kwa ukatili wa mwenyewe. Wapemba wamelelewa na kisa cha mtawala huyo, Mkama Ndume, kuwatwisha watu mawe kichwani huku wakisota kwa makalio, marufuku kusimama. Hakuna aliyekificha ili kumlinda mtawala. Ila Mkama Ndume ni wa zamani mno, na leo ni nadra kumwona mtu akinuna kwa ajili yake.

Penye uzito ni karafuu. Mazungumzo ya historia ya Pemba hayakosi kufika hapo, na hufika kwa fahari: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kweli tupu. Lakini mikarafuu haikujipanda. Wengi wa waliopanda na kuchuma zama hizo walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Mjini Unguja lilifungwa 1873, lakini hali ya utumwa ilifutwa kisheria kwa amri ya Aprili 1897, na hata hapo mtumwa ilimbidi aende mahakamani kudai uhuru wake, huku bwana akilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa, wakangoja hadi 1909. Habari hizi hazimtaji babu wa mtu. Anayeisifu karafuu akaziruka, ameisimulia nusu.

Kipimo changu ni hiki: yaliyomo kwenye sheria na kumbukumbu za serikali yasemwe hadharani, bila majina ya koo, yaliyomo ndani ya nyumba wayasimulie wenye nyumba, wakitaka. Mapinduzi ya Januari 1964 na mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 ni mazito zaidi, kwa sababu mashahidi na wafiwa wangali hai. Siyaoni mahali pake kwenye sherehe, baina ya kasida na wali. Yanataka kikao chake, chenye muda na watu wanaoaminiana. Ila kutoyasema siku hiyo kusiwe kisingizio cha kutoyarekodi kabisa. Wanaoandaa wanaweza kwenda nyumbani kwa wazee na kinasa sauti, sauti ikahifadhiwa hapa hapa Pemba, kwa masharti ya mwenyewe aliyezungumza.

Magendo ya karafuu nayo hurukwa, na hapa nashangaa. Serikali ilikuwa mnunuzi pekee, bei ya ng'ambo ikavutia, watu wakavuka usiku kwa mashua kuelekea pwani ya Kenya. KMKM yenyewe ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Barazani, kahawa ikizunguka, visa hivyo husimuliwa kwa kicheko hadi machozi. Mzee huyo huyo akipanda jukwaani anaanza kutuorodheshea wakuu wa wilaya.

Na pande zote mbili zimesahau kuuliza nani atasema. Mara nyingi jukwaa ni la kiongozi, shekhe na mwalimu mstaafu, wote wanaume. Mwanamke aliyechuma tangu utotoni, akalipwa kwa pishi, akakesha na wenzake wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, akaanika juu ya majamvi na kuyakunja mbio wingu likitanda, anaujua uchumi wa mji huu kuliko hotuba tatu. Apewe yeye nafasi ya kwanza, mgeni rasmi afuate. Mgeni rasmi huchelewa hata hivyo, kwa hiyo ratiba haitaharibika.