Mwanafunzi Alianguka Mara Moja

Binti yangu alipotimiza miaka minane na kuacha kuyumba juu ya baiskeli pale uani, alitangaza wakati wa chakula cha jioni kwamba sasa yu tayari kwa milima. Mama yake alinitazama kwa lile jicho linalosema "hayo ni yako", nami nikajitwika kazi ya kutafuta njia isiyo na mwinuko mkali wala magari mengi, yenye mandhari ya kumsahaulisha swali lake la kila safari, yaani kama tumekaribia kufika.

Nilianza na Msitu wa Karura, kwa kuwa kwa mkazi wa Nairobi mwenye mtoto na baiskeli hilo ndilo jibu la kwanza. Nilimsimulia habari za vivuli vyake, njia zake za udongo, maporomoko ya maji, na jinsi Wangari Maathai alivyopigwa mwaka 1999 akiutetea msitu huo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kuna punda milia?" Karura ikaishia hapo. Milima ya Ngong niliifuta mwenyewe, maana miinuko yake naijua kwa miguu yangu. Ikabaki Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, mbuga ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Nilikuwa nimepita humo mara moja, na nilikumbuka wazi kwamba barabara yake ni tambarare kama meza. Naomba msomaji akumbuke kwamba ushahidi huo ulitolewa na mtu aliyekuwa ameketi ndani ya gari.

Tulikodi baiskeli kando ya barabara, kabla ya kufika langoni. Nilimwambia fundi kwa sauti ya mtu mzoefu kwamba tuna mwanafunzi, kwa hiyo asituletee mchezo. Baiskeli ya binti yangu niliikagua kama daktari: nilibana breki zote mbili mara tatu, nikazungusha magurudumu, nikaminya tairi, nikapiga kengele, nikapima urefu wa kiti hadi vidole vya miguu yake vikagusa chini, na nikamfunga kofia ngumu hadi akalalamika kwamba hawezi kumeza mate. Yangu niliitazama rangi. Fundi alipouliza, "Mzee, nikukazie hicho kiti?" nilimjibu kwamba kiko sawa.

Kiti hakikuwa sawa. Kila tulipopita kwenye tuta kilishuka kidogo, na tulipofika kwenye Mnara wa Fischer, lile jabali lililosimama peke yake muda mfupi baada ya Lango la Elsa, magoti yangu yalikuwa yakipanda hadi karibu na kidevu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba jabali hilo linaitwa kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer, aliyefika pande hizo mwaka 1883, lakini pumzi iliniruhusu kusema "Mjerumani" tu. Binti yangu alilitazama jabali, akawatazama pimbi waliokuwa wakiota jua maweni, akanitazama na mimi, akaendelea na safari.

Mandhari, kwa haki, yalikuwa yale niliyoahidi. Kuta za mawe mekundu zilisimama pande zote mbili, punda milia walikula majani karibu na barabara bila kujishughulisha nasi, na twiga mmoja alitusindikiza kwa macho muda mrefu. Mtoto aliendesha kwa utulivu, nami nikamfuata nyuma nikimwaga mafunzo: tazama mbele, usitazame gurudumu; usishike usukani kama unayemkaba mtu; na kwenye mchanga, usibane breki ya mbele ghafla. Hilo la mwisho nililipigia kelele mara mbili, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mahali ambapo vumbi lilikuwa limejaa kama unga ghalani. Yeye alipita. Mimi, nikiwa bado nalitamka neno "ghafla", nikamwona ngiri kando ya njia, nikabana breki ya mbele.

Wanaomjua ngiri wanafahamu kwamba hupiga magoti ya mbele anapokula majani. Nilipita juu ya usukani nikatua kwa magoti na viganja, na nilipoinua uso uliojaa vumbi, tulikuwa tumepigiana magoti, mimi na yeye, hatua chache tu kati yetu, kama wazee wawili wanaoombana radhi. Yeye ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alisimamisha mkia kama mlingoti akatimua mbio, nami nikabaki palepale.

Binti yangu alirudi, akaegesha baiskeli yake vizuri, akanipangusa goti kwa maji ya kunywa. Wakati sote wawili tukilichunguza hilo goti, nyani alifungua mkoba wangu na kuondoka na chapati zote nne. Kwa kuwa sikuwa na nguvu za kumfukuza, nilimwambia mtoto kwamba ni vizuri kugawana.

Barabara iliyokuwa meza wakati wa kwenda iligeuka kuwa paa la nyumba wakati wa kurudi. Nilikokota baiskeli sehemu kubwa ya njia, huku nyuma yangu sauti ndogo ikinihimiza, "Tazama mbele, Baba. Usitazame gurudumu."

Fundi alipokea baiskeli, akakitazama kiti kilichozama, akaamua kutouliza lolote juu yake. Aliinama kwa upole mbele ya binti yangu, akamuuliza, "Haya, mwanafunzi wetu ameendeleaje?"

"Alianguka mara moja tu," akajibu, "lakini hakulia."