Gari la kasi la kukaa nalo Malindi: la Mjerumani au la Mjapani?

Vijana wa Malindi wanaopenda magari hawakosi kubishana juu ya jambo moja: mtu akijaliwa pesa za gari la kasi, achukue la Mjerumani au la Mjapani? Volkswagen Golf GTI au Subaru WRX? BMW 335i au Toyota Mark X? Ubishi wenyewe huwa ni wa nguvu za injini na sekunde za kufika kilomita 100, nami naona hapo ndipo tunapopotea. Barabara ya kutoka hapa hadi Mombasa ina matuta, tuktuk, malori na msongamano wa Mtwapa. Nguvu zote hizo utazimalizia wapi? Mkaazi wa pwani ana haja ya kujua mambo mawili tu: gari litawaka kesho asubuhi, na mgongo utakuwaje akifika aendako.

Kwenye starehe sina ubishi, Mjerumani anashinda. Kwao kuna vipande vya barabara kuu visivyo na kikomo cha mwendo, kwa hiyo gari huundwa kwa kutarajiwa kukimbizwa kilomita 200 kwa saa bila kutetereka. Japani kikomo cha barabara kuu kwa miaka mingi kilikuwa 100, na tangu 1989 hadi 2004 makampuni yake yalikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la nguvu za farasi zaidi ya 280. Tofauti hiyo unaihisi mwilini. Ndani ya GTI kiti kinakushika kiuno, upepo hausikiki, na usukani umetulia hata ukipita lori kwa kasi karibu na msitu wa Arabuko Sokoke. WRX STI ni gari ninalolipenda kwa dhati, lakini ni gumu, klachi yake nzito, na tairi zinapiga kelele mpaka mazungumzo yanakatika. Mzazi aliyekaa kiti chake cha nyuma mpaka Kilifi atakwambia mwenyewe.

Lakini starehe hiyo ni ya gari jipya, na sisi wengi hatununui magari mapya. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8. Maana yake tunalipokea wakati plastiki na mipira yake inaanza kuchoka, kisha tunalileta kwenye joto na unyevu wa pwani. Hapa ndipo Mjerumani anapoumia.

Chukua mfumo wa kupoza injini. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, BMW nyingi zimefungwa pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme badala ya mkanda. Ni ubunifu mzuri, unaokoa mafuta. Ila pampu hiyo ikichoka mara nyingi haivuji kwanza ili ikuonye, inazima tu, na joto la injini linapanda ukiwa katikati ya foleni. Ile injini ya turbo ya 335i ya mwanzo, inayosifiwa sana kwa nguvu, ilikuwa na udhaifu pia kwenye pampu ya mafuta ya shinikizo la juu, hata mwaka 2010 BMW ikaita magari kwa maelfu yarudi kutengenezwa huko Marekani.

Volkswagen nao wana giaboksi yao ya klachi mbili. Wanunuzi wengi hawajui kwamba ziko za aina mbalimbali. GTI nyingi zina ile ambayo klachi zake zinaoga ndani ya mafuta, na hiyo ukiibadilishia mafuta kwa wakati inavumilia. Golf ndogo za injini ya lita 1.2 na 1.4 zina ile kavu ya gia 7, na ndiyo iliyofanya mwaka 2013 magari zaidi ya 380,000 yaitwe yarudi huko Uchina. Kutambaa kwenye foleni ya Mtwapa saa sita ya mchana ndiko hasa kunakoichosha klachi kavu. Ukienda yadi, uliza ni giaboksi gani kabla hujauliza bei.

Tena kuna suala la tairi. BMW nyingi hazina tairi la spea, zina zile tairi ngumu zinazoweza kwenda bila upepo. Kwa kawaida zinakupa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Ukipata pancha hapa mjini utapita Kilifi, na Mombasa bado. Juu ya hayo, tairi hizo ni ngumu kiasi kwamba zinakula ile starehe uliyoilipia.

Simsafishi Mjapani. Injini ya Subaru ya turbo ya 2.5 inajulikana kwa kupasuka pistoni pale penye ringi, hasa ikiwa imechezewa au imenyimwa mafuta ya injini. Ile ya 2.0 ni imara zaidi. STI zilizotoka kwao zimepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, inayofika oktani 100, kwa hiyo usimpe fundi ruhusa ya kuongeza nguvu kwa petroli yetu ya kawaida. Na kwenye kutu, Mjerumani tumpe haki yake: Audi walianza kupaka bodi nzima zinki katikati ya miaka ya 1980. Ukiishi karibu na bahari, kagua Subaru yako sehemu za juu ya tairi za nyuma.

Kinachoamua kwangu ni nani atakayelitengeneza. Kwenye BMW za siku hizi hata betri mpya inatakiwa isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi ninayemwamini hapa mjini ana mikono ya dhahabu, lakini mashine ya kazi hiyo hana, na spea anaagiza Mombasa au Nairobi. Ya Toyota anaifuata kwa miguu. Audi 200 Quattro ilishinda Safari Rally mwaka 1987, dereva Mikkola wa kwanza na Röhrl wa pili, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba gari la Mjerumani haliwezi barabara zetu. Linaweza, likifuatwa na kikosi cha mafundi na spea. Mimi na wewe hatuna kikosi.

Basi nikiulizwa, nasema Mark X ya 3.5: nguvu 318 bila turbo, inaendeshwa na tairi za nyuma, na viti vyake havimchoshi mzazi. Mwenye kupita njia za vumbi za Marafa achukue Subaru Forester XT, iliyoinuka milimita 220 kutoka chini. Na aliyependa Mjerumani kwa moyo wake wote, sawa, anunue, lakini atenge kwanza pesa za pampu ya maji, themostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini) na tairi nne za kawaida pamoja na ya tano ya kuweka kwenye buti.